Kulia Kwanza

Lugha yenyewe, ya kuamuru kompyuta, iliitwa C. Herufi moja tu, na jamaa aliikalia darasani huko Marekani mpaka akapewa shahada. Majirani wa kijijini Nyacheki walicheka mpaka wakashika mbavu: hata mtoto wa darasa la kwanza hutoka na a, e, i, o, u zote tano, na huyu aliyevuka bahari karudi na moja! Jethro mwenyewe alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo ndilo lililomponza.

Maana hata siku ile ya kurudi aliingia nyumbani akitabasamu. Kaka yake, Manasseh, alikuwa ameuawa na radi katika shamba la chai, kikapu mgongoni, wakati Jethro yuko ng'ambo. Habari zilimfikia wakati marehemu ameshazikwa. Kwa desturi ya Abagusii, aliyekosa mazishi huingia boma akilia, akapitiliza na mayowe yake hadi kaburini, ndipo asalimie watu. Jethro aliingia na suti na sanduku. Akawapa watu mkono mmoja mmoja. Akaenda kusimama penye kaburi, upande wa kulia wa nyumba ya kaka yake wanakozikwa wanaume, akalitazama, kisha akaingia kunywa chai. Moyoni alikuwa anaumia, tena sana, ila huko alikotoka alikuwa amezoea kulia bila kutoa machozi, na akadhani hiyo ndiyo elimu. Mama yake, Nyamoita, aliona akanyamaza. Na kimya cha Nyamoita si kitu cha kuchezea.

Jethro akapata kazi ya kufundisha hesabu mjini Kisii, akaoa huko huko binti wa wenye duka la nguo, Mariam, ambaye Ekegusii chake kilitosha kununulia ndizi tu. Mwaka 1989 Mariam akajifungua mtoto wa kiume, wakamleta Nyacheki kwa bibi yake apewe jina.

Jina lenyewe halikuhitaji mkutano. Mtoto huitwa kwa aliyetangulia, na aliyetangulia ni Manasseh. Lakini mwenye kauli alikuwa Nyamoita, na kila alipoulizwa alijibu neno moja: "Bado." Mtoto akakaa bila jina. Akawa analia mchana kutwa, akikataa hata ziwa, na wanawake waliokuja kumwona wakasema analilia jina lake, asipopewa atazidi kukonda. Mariam, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaanza kuogopa kweli.

Alasiri moja wakiwa jikoni akashindwa kuvumilia. Kwa ajili yake, nyumba nzima ilikuwa ikizungumza Kiswahili.

"Mama, nakuomba. Mwanangu anaitwa nani?"

Nyamoita hakumjibu. Alimgeukia Jethro. "Kwanza hii kijana aniambie ile kitu alisomea huko. Nimezaa yeye na sijui anajua nini."

Jethro akafurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Akachukua mkebe mtupu wa majani ya chai, akauandika M kwa mkaa, akautia maharagwe. Kisha akachora alama sakafuni, mistari miwili iliyolazwa.

"Hii, Mama, shuleni tunaisoma 'ni sawa na'. Kwenye C haisemi sawa. Ukitaka kuuliza kama vitu ni sawa, unaiandika mara mbili. Ikiwa peke yake haiulizi, inaamuru. Inaambia mkebe: pokea."

"Na ile ilikuwa ndani?"

"Inatoka. Inafutika kabisa." Na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, na mikono ya mwalimu haitulii, akayamwaga maharagwe sakafuni, akajaza mahindi. "Unaona? Jina ni lile lile, M. Kilichomo ni kipya."

Nyamoita akapiga magoti, akaanza kuyaokota.

"Basi ndio mtafanya Manasseh wangu hivyo," alisema. "Mtaweka hii mtoto kwa jina yake, na yeye anamwagika. Kifo ilichukua mwili. Jina ndiyo ilibaki kwangu, na sasa mnakuja kuchukua jina."

Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni hivyo hivyo. Jethro akainama kumsaidia mama yake kuokota, akitafuta pa kutokea.

"Ngoja, Mama. Iko njia nyingine." Akairudisha mbegu yote mahali pake, maharagwe mkebeni, mahindi kando, akaandika sakafuni: M, alama, halafu M tena, jumlisha mtoto. "Hapa mkebe uko pande zote mbili za alama. Kompyuta haikimbilii kumwaga. Inaenda kusoma kilichomo, inajumlisha na kipya, ndipo inarudisha vyote ndani. Hakuna kinachopotea. Kanuni ni moja tu: kulia kwanza."

Nyamoita aliinua uso.

Kiswahili chake alikipata katika soko la Nyamira, na huko upande wa kulia waliuita mkono ya kula. Kulia alikujua kumoja tu, kwa machozi.

"Hata mashini inajua?" aliuliza polepole. "Kulia kwanza, ndio unaweka mpya?"

Jethro akafungua mdomo amsahihishe. Mariam akamshika mkono. "Nyamaza," alimnong'oneza. "Mwache."

"Na wewe," Nyamoita akasema, "ulilia lini?"

Jethro akautua mkebe chini. Mtoto alikuwa bado analia.

"Uliingia hii boma macho kavu. Ulinipa mkono kama D.O. wa serikali. Nikangoja. Nikasema, labda kesho. Ukaoa, nikangoja. Sasa unataka kupatia mtoto wako jina ya mtu hujawahi kulilia. Utajumlisha na nini, mwanangu? Wewe hukusoma ile ilikuwa ndani."

Jethro alitoka nje. Alifika penye kaburi, ambalo nyasi zilikuwa zimeshalishika, akajaribu kumkumbuka kaka yake alivyokuwa mwishoni, akashindwa. Hakujua kama alifuga ndevu. Hakujua alikuwa akimchumbia nani. Kitu alichokuwa nacho ni kimoja, mto Gucha umefurika, yeye mdogo yuko mgongoni mwa Manasseh, maji yanamfika Manasseh kifuani, na Manasseh anapiga mluzi ili mdogo wake asiogope. Mluzi ule ulipomrudia masikioni, akalia. Alilia kwa sauti, kama ndama aliyetengwa na mama yake, mpaka wachuma chai waliokuwa wakipita wakatua vikapu vyao na kusimama. Nyamoita alikuja akakaa chini karibu naye. Hakumnyamazisha.

Alipokauka sauti, Mariam akamleta mtoto.

"Mengine siyajui, Mama," Jethro alisema. "Sikuwepo. Ni huo mluzi tu."

"Weka huo," Nyamoita akasema. "Mengine nitaweka mimi. Sasa mpe."

Jethro akampa mwanawe jina pale pale. Ndipo Nyamoita akampokea mtoto, akamwinua, naye akaita, kwa mara ya kwanza tangu siku ya radi: "Manasseh!"

Mtoto akanyamaza. Mariam akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini Jethro alikuwa akimtazama mama yake, akaona kwamba alipoita hakumwangalia mtoto. Macho yake yalikuwa yamekwenda juu, kwenye njia itokayo shamba la chai, yakangoja hapo kidogo, kisha yakarudi.

"Anakuja?" Nyamoita aliuliza kwa Ekegusii, kwa sauti ndogo, bila kumwuliza mtu.

Hapana, alijibu Jethro moyoni. Akamshika mama yake mkono, wakaingia ndani.