Wakifa, Tutajuana

Kifaranga akiziba nyuma, hafiki kesho kutwa. Mavi yanamgandia chini ya mkia, yanakauka yanakuwa kizibo, tumbo linajaa, naye anasimama pembeni kajikunyata wenzake wanakula. Mtu asiyefuga hawezi kumjua. Lazima umshike, umgeuze, umpulize manyoya umtazame, na ukimkuta kaziba umkalishe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yalainike, umpanguse na pamba. Mmoja si kazi. Mia moja, kila siku ya Mungu, kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, ni kazi, tena ya kuvunja kiuno. Na Mwanakombo wa Charambe, huku kwetu Mbagala, aliifanya kazi hiyo wiki tatu bila kuruka hata siku moja. Mnisikie vizuri hapo: hata siku moja.

Nasema hivyo kwa sababu ndani ya nyumba hiyo hiyo kulikuwa na kitu kingine cha kutazamwa kila siku, nacho hakikutazamwa.

Mumewe, Mzee Mudathir, ni fundi wa kanzu. Nusu ya wanaume wanaoswali msikiti wa mtaani pale wamevaa mkono wake. Cherehani chake ni kile cha kukanyaga kwa miguu; cha umeme hakitaki, anasema kinakimbia kama kimeiba. Na ana sukari, mwaka wa tisa huu. Sukari yenyewe ilishamtia ganzi nyayo zote mbili, akikanyaga msumari hana habari. Siku ya kwanza walipokwenda kliniki, nesi mmoja anaitwa sista Auleria, mtu wa Bukoba asiyezungusha maneno, alimvuta Mwanakombo pembeni.

"Mama, mguu wa mwenye sukari hauna mdomo. Ukiumia hausemi. Macho yako wewe ndiyo mdomo wake. Kila siku, nyayo zote mbili, na katikati ya vidole. Ukizembea, tutaukata."

"Mtaukata?"

"Tutaukata, mama. Nimeona mingi."

Basi ikawa ada. Kila wakishaswali alasiri, Mwanakombo anatandika mkeka barazani, analeta beseni lake la bluu, anapima maji kwa kiwiko, maana mzee mwenyewe angeweza kutumbukiza mguu kwenye maji ya chai akaendelea kupiga soga. Anamwosha. Anamkausha kwa khanga kuukuu, kidole kwa kidole. Anageuza unyayo kwenye mwanga, halafu anampaka mafuta ya nazi. Na kila siku mzee anauliza swali lile lile:

"Haya, daktari wa nyayo, umeona nini?"

"Nimeona kheri."

"Na uzee hujauona?"

"Huo nimeuona zamani, nimeamua kukusitiri."

Wanacheka. Miaka tisa utani huo huo, na hawakuuchoka.

Vifaranga walikuja kwa sababu ya Raudha. Huyu ni shoga yake Mwanakombo, anakaa Temeke. Idd iliyopita aliuza majogoo akabadilisha mapazia nyumba nzima, na kila aliyekwenda kumtembelea alitembezwa kuyaona. Mwanakombo akarudi kwake na roho inamwasha. Naye anataka chake.

"Mama Najat, na presha yako hiyo?" mzee alimuuliza. "Na magoti?"

"Presha yangu inapanda nikikaa bure."

Wakaja, boksi lenye matundu, vifaranga mia moja chotara wa siku moja, wanalia wote kwa mpigo. Wakawekwa chumba cha zamani cha binti yao Najat, aliyeolewa Kimara. Mwanakombo alizungusha maboksi yaliyokunjuliwa akapata duara, akamwaga maranda ya seremala sakafuni, akaning'iniza taa ya kuwatia joto, na jiko la mkaa likakaa tayari, umeme wetu tunaujua. Usiku naye akawa analala humo humo.

Alasiri ya siku ya kwanza akatafuta chombo cha kuwasafishia. Ndoo ndefu. Sufuria ni za kupikia. Macho yakaangukia beseni la bluu.

"Beseni langu limepata wenyewe," mzee akasema toka barazani, amekwishanyoosha miguu mkekani.

"Subiri kidogo, baba Najat. Wewe jogoo zima, hawa wachanga."

Akasubiri. Alipoadhini mwadhini wa magharibi, Mwanakombo alikuwa kwenye kifaranga wa sabini na kitu, na mwanga wa kutazamia nyayo ulikuwa umekwisha. Kesho basi, akasema. Kesho nayo ina magharibi yake. Siku ya tatu alimwona mzee amejiinamia barazani anajipaka mafuta mwenyewe, juu juu, maana kiuno hakimruhusu kuugeuza unyayo akauona. Roho ilimchoma Mwanakombo. Ilimchoma kidogo tu, kisha akarudi kwa vifaranga wake.

Siku ya sita umeme ukakatika mchana, na siku hiyo hiyo kulikuwa na hitima ya mama mkwe wa Raudha. Hitima ya watu hukosi, ukikosa utasemwa mpaka ya kwako. Mwanakombo akawasha jiko, akalisogeza pembezoni mwa duara, akafungua dirisha kidogo, akamkalisha mumewe kwenye kigoda.

"Nisikilize. Ukiona wanakusanyikana, wana baridi, sogeza jiko. Wakihema midomo wazi, joto limezidi, livute. Na usilale! Ukilala watalaliana wafe. Wakifa, mie na wewe tutajuana."

Tutajuana. Neno gani hilo jamani? Huku Uswahilini linatamkwa mara kumi kabla ya chai. Mama anamwambia mtoto, konda anamwambia abiria, na hakuna anayejuana na mwenziwe. Lakini Mwanakombo ulimi anao, mtaa mzima unajua, na Mzee Mudathir ni mtu wa kupenda amani. Miaka thelathini na nne ya ndoa hajawahi kushinda ugomvi hata mmoja, na alishaacha kujaribu.

Mwanakombo alirudi karibu na magharibi, umeme umesharudi. Kabla hata ya kuvua baibui aliingia kwa vifaranga akahesabu. Mia. Akahesabu tena. Mia. Ndipo akaenda chumbani kumtazama mumewe, akamkuta kitandani, amevaa soksi nyeusi, zile za kuendea harusini.

"Soksi! Mbagala hii, na joto hili?"

"Mbu."

"Mbu wa Mbagala wamekuzoea, hawana haja na wewe." Akacheka, akachukua beseni, akaenda zake kwa vifaranga.

Kama kuna mahali ningeweza kuishika hadithi hii nikaivuta irudi nyuma, ni hapo mlangoni. Beseni mkononi, na soksi ziko hatua mbili mbele yake.

Wiki ya pili ikaanza harufu. Mwanakombo akabadilisha maranda. Ikabaki. Akabadilisha tena, akapunguza maji kwenye vinyweo yasimwagike, akasugua kuta. Ikabaki. Vumbi la maranda lilishampa mafua na kikohozi, kidonge chake cha presha alikuwa anakimeza amesimama, mkono mmoja una kifaranga. Mzee naye siku hizo alikuwa analala sana. Cherehani kilifunikwa. Alisema ni vijihoma, na Mwanakombo akampa Panadol na uji.

"Nenda basi ukapime malaria."

"Kesho."

Najat alikuja Jumapili kuwaona. Alipofika ukumbini tu, mkono ukaenda puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unaziba pua? Umekaa Kimara umesahau ulikotoka?"

"Mama, nyumba inanuka."

"Mavi ya kuku hayo."

"Mavi ya kuku nayajua, mama. Hii siyo..."

"Siyo nini? Umekuja kunifundisha kufuga?"

Najat akashusha mkono puani. Mtoto aliyelelewa vizuri ananyamaza mamake akipandisha sauti. Nami nasema laiti angekuwa na adabu mbovu siku ile moja tu.

Siku ya ishirini na moja vifaranga walishaota mbawa, wakahamishiwa bandani uani. Mwanakombo akazoa maranda yote. Akadeki kwa dawa mara tatu, akafungua dirisha lote, akafukiza udi. Alipomaliza alikaa kwenye kigoda apumzishe magoti, akavuta pumzi.

Harufu ipo.

Akanusa ukuta. Akainama akanusa sakafu. Chumba kimekauka, kisafi, hakina hata unyoya, na harufu ipo vile vile. Akatoka ukumbini, ikaongezeka. Akapita cherehani kilichofunikwa, ikaongezeka. Akasimama mbele ya mlango wa chumba chao wenyewe, na kabla hajausukuma alikuwa ameshajua.

"Baba Najat, vua soksi."

"Nina baridi, mama Najat."

"Vua, nakwambia!"

Hakuvua. Alizivua Mwanakombo. Wa kushoto mzima. Soksi ya kulia haikutaka kutoka, na ilipotoka haikutoka peke yake. Sitaeleza zaidi. Aliyewahi kuuguza anajua, na ambaye hajawahi, Mungu amwepushe.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana, mpole, na upole wake ndio uliomuumiza.

"Mama, mzee anakaa na nani nyumbani?"

"Na mimi."

"Na kidonda hiki kina zaidi ya wiki mbili. Hakuna aliyekiona?"

Mwanakombo alitazama mikono yake. Mikono iliyokuwa imegeuza matako ya vifaranga mia moja kwa siku ishirini na moja, ikiyapuliza na kuyapangusa, kifaranga kwa kifaranga. Nyayo zilikuwa mbili tu.

Wangeukata chini ya goti, kesho asubuhi. Jioni hiyo alikaa pembeni ya kitanda, na mzee akamsimulia bila kuulizwa. Alisinzia pale kwenye kigoda. Mguu ukanyooka wenyewe ukaegemea jiko, na hakusikia kitu. Kilichomwamsha ni harufu ya kuungua.

"Nikadhani kifaranga kaingia motoni," alisema. "Nikawahesabu kwanza. Walipotimia mia ndipo nikatazama chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejua nimelala. Ulisema tutajuana."

"Mudathir!" Hakuwahi kumwita jina lake tupu tangu Najat azaliwe. "Lile si neno tu? Kila mtu si anasema?"

"Najua. Lakini nilikuogopa, mama Najat, nikwambie uongo? Nikasema sitamwambia, nitaacha auone mwenyewe. Siku akileta beseni atauona tu, atagomba mara moja yaishe. Kila alasiri nilikuwa nasikia unachota maji. Nikawa nasubiri beseni."

Mwanakombo aliinama kwenye shuka la hospitali akalia kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kumsitiri.

Mguu ukakatwa. Raudha alikuja kumpa pole, akatikisa kichwa akasema mficha maradhi kifo humuumbua, huyu mzee angesema mapema. Maneno matamu hayo, ya watu wenye miguu miwili. Mwanakombo alikuwa anajua nani aliyefanya mtu mzima afiche maradhi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na alikuwa anajua kwamba laiti vifaranga wale wangelaliana wakafa wote mia siku ile ya hitima, angegomba siku tatu, kisha angekwenda kuosha beseni, arudi kwenye nyayo. Lakini hakufa hata mmoja. Wako bandani, wana afya, majirani wanakuja kuwasifu.

Siku ya nne baada ya operesheni alikwenda hospitali na beseni la bluu chini ya kwapa. Aliomba maji, akayapima kwa kiwiko. Akauosha mguu wa kushoto, akaukausha, kidole kwa kidole, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mzee Mudathir alikuwa anamwangalia. Amekonda, ndevu hazijapunguzwa, lakini alitaka mkewe acheke, alikuwa anataka hivyo kwa moyo wake wote.

"Haya, daktari wa nyayo," akasema. "Umeona nini?"

Mwanakombo alifungua mdomo aseme kheri. Miaka tisa alilisema bila kufikiri, na sasa halikutoka.

"Nimechelewa kuona, baba Najat."

Mzee akavuta mguu wake taratibu, akauficha chini ya shuka, na maji yakabaki kwenye beseni mpaka yakapoa.