Neno la Kumwambia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa msimamizi katika kiwanda cha nguo, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Kamanda. Mimi nilimwita Mama, tena kichwa nikiwa nimekiinamisha. Tangu ahamie kwetu, mazungumzo yetu hayakuwahi kuvuka shikamoo, marahaba na chakula kiko mezani. Nilimheshimu, ndiyo, lakini kusema kweli nilimwogopa pia. Mwanamke aliyenyamazisha ukumbi mzima wa cherehani kwa kukohoa tu si mtu wa kuzoeana naye.

Asubuhi moja, mke wangu akiwa safarini kikazi, Kamanda aliniambia kupitia mlango kwamba choo chake hakivuti maji. Mimi ni fundi bomba; hiyo ni kazi ya kabla ya chai. Nikaingia na spana yangu. Boya lilikuwa limekwama ndani ya tangi. Alikuwa amejaribu kumwaga maji ya ndoo, lakini hayakutosha, na nilichokiona mle kikanisahaulisha boya. Ilikuwa haja kubwa nyeusi, weusi wa lami, inanata na kung'aa, yenye harufu ambayo sijaikuta hata kwenye mashimo ya maji taka. Na pua yangu si ya kudekezwa.

Nikamaliza kazi, nikanawa, nikakaa kwenye ngazi. Mambo niliyokuwa nikiyaona bila kuyatilia maanani yakaanza kujipanga. Kamanda alikuwa akiacha nusu ya chakula. Akitaka kuinuka kitini, anashika meza kwanza. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Na kila siku alimeza vidonge vya maumivu ya goti, mara nyingi kabla hajatia kitu tumboni. Ukimuuliza, alisema ni gesi. Gesi ilibebeshwa lawama zote katika nyumba ile.

Nikampigia muuza dawa anayemuuzia vidonge hivyo. Aliniuliza kama Kamanda anatumia dawa za kuongeza damu, maana nazo hubadilisha rangi ya choo. Nikasema hapana. Akauliza kuhusu kizunguzungu. Nikasema ndiyo. Sauti yake ikabadilika.

"Fundi, hiyo si gesi. Hiyo inaelekea ni damu inayovuja tumboni. Hivyo vidonge asimeze tena, na umpeleke hospitali leo. Usisubiri kesho."

Nikampigia mke wangu, naye akampigia mama yake. Majibu yakaja kama yalivyotarajiwa: kwamba amelala vizuri, kwamba jana alikula mboga za majani nyingi, na kwamba mumeo aache kuchunguza vyoo vya watu. Mke wangu hakujua amwamini nani. Akaniomba nivumilie mpaka arudi, wazungumze kike. Nikamwambia hapana. Sikuwahi kumkatalia jambo lolote la mama yake, na nilikata simu kabla ujasiri haujaniishia. Kisha nikaita teksi.

Kamanda alikuwa sebuleni akishona kifungo. Nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuzungukazunguka, habari za mabomba na jinsi yanavyovuja ndani ya ukuta bila mtu kujua. Alipoinua macho, yote yakayeyuka.

"Mama, mficha uchi hazai," nikasema.

Masikio yakaniwaka. Kati ya methali zote zilizopo, nilikuwa nimemtajia mama mkwe uchi na kuzaa kwa pumzi moja. Angenifukuza katika nyumba yangu mwenyewe, ningeondoka.

"Umesemaje?"

"Nimekiona choo chako, Mama. Ni cheusi. Ni damu. Teksi inakuja, na mimi sibanduki hapa mpaka tutoke wote. Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa hai."

Akaniambia sina adabu. Nikakubali. Akasema atampigia mwanawe amwambie ameolewa na mtu wa aina gani. Nikasema simu hiyo hapo. Akainuka kwa hasira ili anipite, na hapo uso ukampauka, mkono ukaitafuta meza ukaikosa. Nikamdaka. Sikuwahi hata kumpa mkono mama mkwe wangu, na sasa nilikuwa nimemkumbatia, naye mwepesi kuliko nilivyodhani. Niliogopa sana. Tulipoingia kwenye gari, alimwambia dereva tu kwamba anaendesha vibaya.

Hospitalini daktari, binti mdogo kuliko mke wangu, akamuuliza choo kikoje. Kamanda akatazama ukuta. Akaulizwa tena. Nikafungua mdomo, tayari kumalizia adabu iliyobaki, lakini akainua kidole.

"Mkwe, toka nje. Nitasema mwenyewe."

Nikatoka, ila mlango ule haukufunga vizuri, na yeye hajawahi kujua kunong'ona. Akasema choo kimekuwa cheusi kwa siku kadhaa. Akasema usiku alitapika vitu vya kahawia kama mashapo ya kahawa, akapiga deki mwenyewe. Alfajiri alianguka bafuni, akabaki sakafuni mpaka alipopata nguvu za kuinuka, mimi nikikoroma chumba cha pili. Nikakaa kwenye benchi. Nilidhani nimemwahi mtu anayeumwa. Kumbe nilikuwa nikilala ukuta mmoja na mtu anayekufa.

Daktari alitoka akaniambia tumefika wakati bado kuna la kufanya, na kwamba kesho pengine lisingekuwepo. Wakamtoa Kamanda kwenye kitanda cha magurudumu, dripu mkononi, wakimpeleka kuongezwa damu na kutazamwa ndani ya tumbo. Aliponifikia akaamuru wasimame. Wauguzi wakasimama, wala sikushangaa.

"Mpigie mke wako," akasema. "Mwambie kila kitu. Na hicho choo ukitaje. Usije ukaona haya, akadhani nina mafua."

Nikapiga hapo hapo, nikakitaja kwa sauti mpaka watu wa benchi la pili wakageuka. Hakuruhusu kitanda kisukumwe mpaka aliposikia mwanawe akisema yuko njiani.