Karatasi za Ngazi, Macho ya Kengele

Mwalimu hakukataa kuhama. Alichokataa ni kuhama kwa sifa. "Nyumba njema si mlango," alimwambia mkewe, "na mji mwema si hadithi za utotoni." Kisha akachukua rula, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hisabati na hakuwahi kubishana bila rula, akapiga mistari kwenye karatasi: shule, hospitali, maji, nyumba za kupanga, siasa. Safu ya mwisho aliipa upana mara mbili ya zile nyingine.

Mkewe alikuwa mjalidi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akishona vitabu vilivyochakaa vya maktaba ya chuo, katika chumba cha chini chenye meza ndefu, sindano nene na harufu ya gundi. Sasa kaka yake, aliyerithi duka la chapa la baba yao mkoani kwao, alikuwa ameshindwa na mgongo. Alitaka kumwachia dada yake duka, na Mwalimu angeomba uhamisho. Mambo yote yalikuwa mepesi isipokuwa ile safu pana.

Mkoa waliokaa ulikuwa mtulivu. Chama kimoja kilishinda kila uchaguzi na kila kiti, mpaka kamati ya soko. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Watu walikuwa wamejifunza tu kuchagua maneno, na Mjalidi aliizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Kisha siku moja binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, alitaka kujua kwa nini mtaa wao haukuwekewa taa. Kabla ya kuuliza, mtoto aliinuka akafunga dirisha. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Alipokuwa mdogo walimpachika jina la Bi Maswali, maana hakuna mgeni aliyemaliza chai yake bila kuhojiwa. Jina lilikuwa limebaki, maswali yakaisha. Wiki ileile Mjalidi alimpigia kaka yake simu.

Mwalimu naye aliliona dirisha lile. Lakini alikuwa na hofu yake. Mkoa wa mkewe uligawanyika nusu kwa nusu baina ya chama cha Ngazi na chama cha Kengele, na katika uchaguzi uliopita redio ilitangaza kwamba mawe yalirushwa. "Hapa watoto wetu wananong'ona," alisema. "Kwenu huenda wakapasuliwa vichwa. Haya, nichagulie."

Mkewe alimjibu kwa hadithi aliyoipenda kuliko zote. Baba yake alichapa vipeperushi vya vyama vyote viwili kwenye mashine moja, kwa wino uleule. Na alikuwa na sharti moja: karatasi ya majaribio ya Ngazi ilisomwa na mtu wa Kengele, na ya Kengele ikasomwa na mtu wa Ngazi. Baba alisema kwamba rafiki husoma kwa moyo, ila mpinzani husoma kwa macho. Msomaji wa upande wa Ngazi alikuwa mtu wa sauti kubwa aliyeitwa Kipaza. Wa upande wa Kengele alikuwa karani mstaafu, jina lake Miwani. Mpeleka karatasi alikuwa Mjalidi mwenyewe, akiwa na miaka minane: anaikunja mara tatu, anavuka barabara, anasubiri huku Miwani akiguna na kupiga duara kwa kalamu nyekundu. Mara moja tu Miwani aliona siku ya mkutano wa Ngazi imekosewa akainyamazia. Asubuhi ya mkutano dhamiri ilimsuta. Alizunguka mji mzima kwa miguu akiwatangazia wapinzani wake siku iliyo sahihi.

"Mji wa namna hiyo," alimaliza Mjalidi, "ndio nautaka kwa wanangu."

Mwalimu aliandika "hadithi" kwenye safu pana, akampa karatasi. Walikubaliana Mjalidi aende siku tatu na binti yao mkubwa, Mwalimu abaki na mdogo.

Duka lilikuwa palepale. Ngazi tatu za saruji zilikuwa zimelika katikati, na ndani mashine ya zamani ilisimama chini ya turubai kama mgonjwa aliyefunikwa shuka. Kando yake mashine mpya ndogo ilitema karatasi bila kelele. Mjalidi aliinua pembe ya turubai akavuta pumzi. Harufu ya mafuta na wino ilimpiga kifuani, akamwona baba yake ameinama, mikono ya shati imekunjwa, akihesabu kwa midomo.

Kaka alimwacha ashibe kumbukumbu zake, kisha akamweleza hali ilivyo. Kipaza na Miwani walikuwa wamekufa. Usomaji ule ulikuwa umekoma, ulikuwa mwaka wa nane sasa. Kila chama kilileta maandishi yake kikiyaficha kama barua ya posa. Mkahawa mmoja uliokuwa mbele ya posta umekuwa miwili, na asiyejua hukosea mlango mara moja tu.

"Na mawe?" aliuliza Mjalidi.

"Yalirushwa. Dirisha la posta lilivunjika. Kisha vyama vyote viwili vilichanga kioo, vikagombana kilichopungua kilipwe na nani."

Mjalidi hakucheka. Jioni ile aliitazama safu pana ya mumewe, hakuandika kitu.

Siku ya pili Kaka alikwenda kwa daktari wa mgongo, akamwachia kazi moja nyepesi. Ngazi walikuwa na mkutano wa uchaguzi mdogo wa kata, walitaka vipeperushi mia tano kabla ya jioni. Mjalidi alipanga maneno, akatoa karatasi ya majaribio, akaitazama juu na chini. Kisha mikono ikaikunja mara tatu. Miguu ikajua njia. Alivuka barabara, akaingia ofisi ya Kengele, akampa karatasi mwanamke kijana aliyekaa nyuma ya meza. Mwanamke huyo alikuwa katibu wao.

"Hii mmeniletea mimi?" aliuliza Katibu.

"Isome, dada. Ukiona kosa, utuambie."

Alirudi akiimba kimoyomoyo. Alipofika mlangoni alimkuta Kaka amesharejea, naye akamuuliza karatasi ya majaribio iko wapi. Ndipo alipojisikia akijibu kwamba ameipeleka kwa Kengele. Kaka alikaa taratibu juu ya marundo ya karatasi, akasema kwamba daktari amempa dawa ya mgongo, ya presha hajampa.

Saa moja haikupita. Picha ya kipeperushi ilikuwa kwenye simu za mji mzima, imepigwa duara jekundu. Ngazi walikuwa wamepanga mkutano Jumamosi saa tatu asubuhi katika uwanja wa shule ya msingi. Jumamosi saa tatu, shuleni hapo, kulikuwa na mtihani wa kumaliza darasa la saba. Chini ya picha Katibu alikuwa ameandika: Ngazi wanawapandisha watoto wetu mpaka chini.

Mwenyekiti wa Ngazi aliingia dukani na watu wanne. Alikuwa mzee mnene mwenye fimbo ambayo hakuihitaji kutembelea. Mjalidi alimvuta binti yake nyuma ya mashine. Aliwahesabu wale wanne, akatazama mikono yao, akamkumbuka Mwalimu na redio yake. Mzee aliuliza kama duka hili limekuwa tawi la Kengele. Kaka alijaribu kueleza kuwa dada yake ni mgeni, na Mzee akajibu kuwa mgeni asiyejua njia hukaa kitako. Maneno yalikuwa yanapanda pale Katibu alipotokea mlangoni peke yake. Alisema amesikia anasengenywa, na yeye hapendi kusengenywa kwa mbali.

"Nimekuokoa na aibu," alimwambia Mzee, "halafu unanuna?"

"Umeniokoa kwa kunivua nguo sokoni?"

"Ningekuletea kanzu, lakini mlango wenu kwangu umefungwa."

Mmoja wa wale wanne alipiga ngumi juu ya meza, makopo ya wino yakaruka. Mjalidi alibana bega la binti yake. Ndipo aliposikia sauti, na mwanzoni hakutambua kuwa ni ya mwanawe.

"Kwani nyinyi hamkujua kuna mtihani?"

Watu waligeuka. Mzee aliutafuta uso uliosema, akaupata kati ya magurudumu ya mashine.

"Mimi sina mtoto shuleni, mjukuu wangu," alisema.

"Sasa kwa nini hamkumuuliza yeye?" Kidole kilimwonyesha Katibu.

"Huyu? Nikimuuliza saa mchana, ataniambia kumekuchwa."

Aliyepiga meza ndiye aliyecheka kwanza. Katibu alicheka pia, akijitahidi asicheke. Mzee hakucheka. Alisema mkutano uwe Jumapili alasiri, kipeperushi kichapwe upya, na kazi inayofuata ataipeleka mji wa pili. Katibu aliombwa aifute picha akakataa, akasema labda ataifuta Jumapili baada ya mkutano. Waliondoka wakiendelea kurushiana maneno barabarani, na wapita njia walisimama kuchagua upande.

Hakuna aliyepatana na mwenziwe. Mjalidi aliketi, machozi yakamtoka. Alimwambia Kaka kwamba mji wa baba umekufa na yeye amekuja kuuzika. Laiti angalikuwapo Miwani, alisema, yule mtu aliyezunguka mji kwa miguu kwa sababu dhamiri ilimsuta.

Kaka alikuna kidevu. "Mdogo wangu," alisema, "asubuhi ile vijana wa Kipaza walikuwa wamesimama mlangoni kwa Miwani toka alfajiri. Dhamiri ilikuwa na marungu."

"Baba alisema..."

"Baba alikusimulia wewe uliyekuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa na kumi na saba, nilimsaidia kumfunga Miwani bandeji. Wiki iliyofuata Miwani akaja kusoma kama kawaida, kidonda kichwani. Hilo nalo ni kweli."

Mjalidi alikaa na habari hizo mbili, kila moja ikiivuta nyingine. Picha ya zamani haikufutika. Miwani aliendelea kuguna na kupiga duara, ila sasa alikuwa na bandeji, na baba yake alikuwa na siri.

Alasiri alimpigia mumewe simu. Alianza na mabaya yote na hakutia chumvi wala asali: mikahawa miwili, kioo cha posta, ngumi juu ya meza, kosa lake la kijinga, kazi iliyopotea, bandeji ya Miwani. Alimwambia kuwa kwa miaka yote alimdanganya bila kujua, maana na yeye alidanganywa kwa mapenzi.

"Na mtoto?" aliuliza Mwalimu. "Aliogopa?"

"Sana. Bega lilikuwa linatetemeka mkononi mwangu."

"Akanyamaza."

"Akauliza. Mara mbili."

"Mbele ya wale wanaume?"

"Mbele yao. Na wakamjibu, Mwalimu. Mzee mzima mwenye hasira alitafuta alipo mtoto, akamjibu."

Kisha Mwalimu alisema kwamba ule mji wa hadithi alikuwa akiuogopa tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtu hawezi kuandaa watoto wake kwa mahali pasipo na kasoro. Huu wa leo anaufahamu. Una watu wabaya na wana majibu. "Nyumba za kupanga zikoje?" aliuliza.

Mjalidi hakuwa ameuliza. Jua lilikuwa bado juu ya paa la posta, kwa hiyo alimshika binti yake mkono wakatoka. Kaka aliwaelekeza kwenye nyumba ya vyumba vitatu, mtaa wa nyuma, iliyokuwa wazi tangu mwezi uliopita. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyekuwa akifagia baraza. Aliwasalimia, akaegemea ufagio, akawapima kwa macho.

"Nyinyi ni wa Ngazi au wa Kengele?"

Mjalidi alihisi ulimi wake ukitafuta jibu la mkoa ule mwingine, lile la kutabasamu na kupita. Aliliacha.

"Mimi na mume wangu hatukubaliani," alisema. "Bado tunabishana."

"Kwa sauti?"

"Itakuwa kwa sauti."

Mjane alisogeza ufagio na kuwapisha. "Basi anzeni na jikoni," alisema. "Ndiko ukuta uliko mnene."