Viazi vya Mwezi wa Sita

Mama mkwe wangu, Nazaria, hakuwahi kukosea habari za baridi, na alitukumbusha hivyo kila siku ya Mungu. Miaka kumi na mmoja niliyokaa kwake nimemeza maneno mengi kuliko supu.

Mwezi wa sita ndipo tunapotandaza viazi uwandani. Usiku baridi inavigandisha viwe mawe, mchana jua linavilegeza. Baada ya siku tatu hivi tunavikanyaga kwa miguu mitupu maji yatoke, kisha tunavianika. Hicho ndicho chunyo, na ndicho chakula chetu mpaka mavuno mengine. Baridi kavu tunaiomba. Theluji hatuitaki, maana kiazi kikilowa kinaoza, hata nguruwe anakigeuzia pua.

Mwaka huu tulitandaza vyote tulivyokuwa navyo. Usiku wa kwanza viliganda vizuri. Kesho yake mchana nikaona mawingu mazito upande wa ziwa, nikamwambia mama tuviingize ndani. Akacheka. Akaniuliza kama kule kwetu bondeni walinifundisha mambo ya anga au kula tu. Mwezi wa sita hauna theluji, alisema, haujawahi kuwa nayo tangu aolewe. Mume wangu Eusebio akajitia hamnazo, akawa anatafuta kamba.

Saa tisa theluji ikaanza kuanguka. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa na neno limeiva mdomoni, nikatoka nje nimpe. Nikamkuta amepiga magoti uwandani, anafuta theluji kiazi kimoja kimoja kwa viganja vitupu, sketi zimemlowa chapachapa. Neno nikalimeza. Nikapiga magoti karibu yake, Eusebio akaja na ufagio, tukafuta mpaka ilipokatika jua likizama. Upande wa chini wa uwanja ulikuwa umeshakuwa tope.

“Anga hili silijui tena,” mama alisema.

Hakulia. Afadhali angenitukana, ningejua la kufanya.

Usiku baridi ilipiga sawasawa. Asubuhi tukachambua, nusu tukaitupa. Nusu iliyobaki itatufikisha mwezi wa kumi na mbili tukijibana, lakini nayo ilikuwa bado mashakani. Tukikanyaga mapema, maji hayatoki yote na chunyo kinaota ukungu. Tukingoja usiku mmoja zaidi, theluji inaweza kurudi ikamaliza kila kitu.

Mama akanigeukia. Mwanamke huyu hajawahi kuniuliza hata kama chumvi imekolea.

“Mwanangu, wewe unaonaje? Tukanyage leo au tungoje?”

Nikainua macho. Upande mmoja weupe, upande mwingine buluu, na mimi sikusoma chochote humo. Niliogopa kuliko siku yoyote niliyogombezwa katika nyumba ile. Eusebio ananitazama, mama ananitazama.

“Leo, mama,” nikasema, nikavua makubazi.