Chokaa ya Mwaka wa Kipindupindu

Dakta Patrobas alisoma hadi akasahau kufikiri. Mimi Mbeti nasema hivyo waziwazi, na asiyependa ajinyonge kwa tai yake.

Mume wangu, Nyamai, alikuwa dereva wake. Miaka minane alimpeleka Turkana na kwenye makorongo ya mbali kusini, akamsaidia kuchimba. Walitaka kujua ni tabaka lipi la udongo wa huku lenye umri mmoja na la kule. Dakta alitegemea tepu ya kupimia tu: futi ishirini chini huku, futi ishirini chini kule, basi, umri ni mmoja.

Nyamai akamwambia, "Mzee, fuata lile jivu la volkano. Liko pande zote mbili, na chembe zake ni zilezile. Mlima ulilipuka mara moja, jivu likaanguka kotekote."

Lo! Dereva amfunze daktari! Akapewa hadi Jumamosi aandike barua ya kuomba msamaha, la sivyo kazi imekwisha.

Jumamosi hiyo, mwaka wa sabini na sita, Landrova ikasimama mlangoni petu, mtaa wa Shauri Moyo. Sikumpa Dakta hata kiti. Nikamvuta hadi kwenye jaa letu, pale watu wa kanso ya jiji walipochimba mtaro wa bomba. Ukuta wa mtaro ulikuwa na mstari mweupe.

"Mwaka wa kipindupindu, kanso walimwaga chokaa kwenye majaa yote ya mitaa ya Eastlands siku moja," nikamwambia. "Haya, pima."

Futi mbili.

"Sasa twende Huruma, Eastlands hiihii."

Akaendesha mwenyewe. Nyamai alikaa nyuma. Nyuma ya nyumba ya dada yangu Nthoki, mto ulikuwa umekata jaa. Mstari uleule mweupe. Akapima: futi saba.

"Huku watu ni wengi, wanatupa zaidi," nikasema. "Siku ni ileile. Kwa tepu yako, Huruma walihara kabla babu yangu hajazaliwa! Kuuliza si ujinga, Dakta. Ungemuuliza dereva wako."

Nthoki alicheka hadi akashika mbavu. Dakta akafungua daftari, akauchora mstari ule. Nilifurahi, nakwambia!

"Baba Ngui, mwambie akurudishie kazi yako."

Nyamai akainamisha kichwa. Dakta akatoa bahasha mfukoni.

"Mama, barua aliniletea ofisini jana. Mimi nilikuja kumrudishia ufunguo wa gari tu."

Nikaisoma. *Nilikosea. Jivu halina maana. Mimi sijui mambo ya udongo.* Chini yake, sahihi ya mume wangu.

"Nilifikiria watoto," Nyamai akasema.

Mwaka uliofuata ripoti ikatoka, matabaka yote yamepangwa kwa jivu, na jina la Patrobas juu. Siku hizi inafundishwa shuleni. Juzi mwanetu Ngui alirudi na daftari lake, akauliza, "Baba, ulimjua huyu aliyegundua jivu?"

Nyamai akaweka kikombe chini.

"Nilikuwa dereva wake."