Kilomita Moja na Nusu, Njia Rahisi

Asubuhi ya Jumatatu, siku tisa kabla ya sikukuu ya Diwali, Dattaram Pednekar alikuwa amechuchumaa barazani kwake akipaka bati rangi ya kijani. Bwana Phatak wa ofisi ya utalii alisimama nyuma yake na karatasi mkononi, akimsomea maneno ya kuandika.

"Juu kabisa: Njia ya Mandhari ya Ghuba. Chini yake: kilomita moja na nusu. Halafu: rahisi, yafaa kwa watoto na wazee."

"Saheb, ile njia ni kilomita sita," Dattaram akasema bila kugeuka. "Na ule mpando unamtoa mbuzi ulimi."

"Najua. Ndiyo maana watu hawaji."

Ilikuwa kweli. Familia zilikuja Karanjbandar kwa mabasi kutoka Pune na Mumbai, zikaanza kupanda, na kwenye kona ya pili watoto wakalia, mabibi wakakaa juu ya mawe, wote wakarudi chini kula samaki wa kukaanga. Hawakuiona ghuba kutoka juu wala pomboo wakiruka. Likizo iliyofuata walikwenda ghuba nyingine.

Dattaram alikuwa na miaka thelathini na moja katika kazi ya kuandika mabango. Alikwisha andika majina ya maduka, ya vyombo vya baharini, ya wagombea walioshinda na walioanguka, na hakuna siku aliyoulizwa kama anayakubali anayoyaandika. Akaandika. Herufi zilitoka nzuri, zimesimama kama askari wa gwaride. Rangi ilipokauka, Bwana Phatak akagonga muhuri wa ofisi kwenye pembe kwa wino wa zambarau, Dattaram akapaka vanishi juu yake, na Jumanne wakaipigilia bodi misumari pale njia inapoanzia.

Jumatano njia ilikuwa na urefu wa kilomita moja na nusu. Bwana Phatak aliipima mwenyewe kwa tepu. Wewe ulianza penye kituo cha basi, ukapita katikati ya mikorosho, ukafika kwenye mzambarau mkubwa, ukainua mguu, ukautua kwenye jiwe jeusi, na hapo ulikuwa ukingoni mwa jabali, ghuba yote imetandazwa chini yako. Mpando haukuwapo. Kwenye kibanda cha chai watu walisema angalau mara hii serikali imefanya ilichoandika.

Ile sehemu ya njia iliyokuwa kati ya mzambarau na jiwe jeusi haikuonekana tena. Ndani yake mlikuwa na Umbarwadi, kitongoji cha nyumba kumi na nne, na katika nyumba ya tatu aliishi Anusaya, dada mkubwa wa Dattaram.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku yake ya kuteremsha mtindi na korosho mjini. Miaka yote alifika saa moja na robo asubuhi. Siku hiyo alitokea kati ya mti na jiwe saa saba na nusu mchana, chungu kichwani, vumbi mpaka magotini. Familia moja iliyokuwa ikipiga picha ilisogea kumpisha. Akashuka moja kwa moja hadi kwa ndugu yake.

"Datta, njia mmeifanya nini?"

"Nimeandika bodi."

"Umeandika nini?"

Akamwambia. Anusaya akakaa kizingitini, akaukunjua mguu mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayekagua vitu vilivyorudishwa na mwazimaji.

"Nimetoka jua likichomoza," akasema. "Nimetembea, nimetembea, mikorosho ile ile, kona zile zile, ila kila kona ina kona nyingine tumboni. Mkono wako huo! Tangu ulipochora ndevu kwenye picha ya baba nilisema mkono huu utatutia matatani."

"Ningekataa wangempa mtu mwingine."

"Basi wangempa. Saa hizi ningekuwa namtukana mtu baki."

Ardhi haipotei. Ukiibana huku, inajaa kule, kama pamba ya godoro. Urefu ulioondolewa kwa familia za Pune ulikuwa umerundikana upande wa Umbarwadi, na mwendo wa dakika arobaini ulikuwa umekuwa wa saa saba. Simu peke yake ilifika kama zamani, kwa sababu sauti haikuwekewa bodi.

Dattaram alikuwa mjane, na alizoea kufanya kazi akiwa ameketi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Tangu siku ile hakuweza tena. Aliandika herufi mbili, akainuka, akaenda mpaka barabarani, akarudi, akakuta brashi imekauka. Akila alisimama. Muuza chai alimwambia, "Pednekar, kaa bwana, unanitia kizunguzungu," naye akakaa, na kabla chai haijapoa akawa amekwisha inuka.

Mwishoni mwa wiki alichukua kipande cha ubao, akaandika Umbarwadi, nusu kilomita, akakisimamisha chini ya mzambarau. Hakukutokea kitu. Mbuzi walikuja wakalamba rangi. Akaelewa kwamba kilichokosekana ni muhuri, akaenda ofisini.

Bwana Phatak hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akafungua daftari kubwa la vitongoji, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa.

"Umbarwadi haimo," akasema.

"Saheb, dada yangu anaishi huko mwaka wa arobaini sasa."

"Sikatai. Lakini sensa iliyopita karani alifika kwenye kona ya pili, jua kali, akarudi. Hapa pameandikwa msitu." Akamgeuzia daftari aone. "Sasa mimi nikigonga muhuri kwenye umbali wa mahali pasipokuwepo, mkaguzi akija atanila nyama."

"Basi rudisha ile ya kwanza. Niandike sita."

"Katikati ya Diwali? Mabasi ishirini na mawili yameagizwa." Bwana Phatak alishusha sauti. "Subiri msimu upite, Dattaram. Tutaandika barua."

Familia ziliendelea kuja. Walivaa viatu vyeupe, walibeba chupa za sharubati ya matunda ya kokamu, waliwasukuma wazee mgongoni kwa utani. Penye mzambarau watoto walikuwa wakisimama kidogo.

"Baba, jogoo anawika."

"Simu ya mtu hiyo. Haya, ruka."

Na mtoto akaruka. Yeyote asiye na mtu wake ndani, mguu wake ulitua kwenye jiwe jeusi.

Prajakta, mkaza mwana wa Anusaya, alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe alilinda mlango wa jengo la maduka huko Mumbai na alikuwa ameomba ruhusa ya mwezi ujao. Uchungu ulimshika wiki sita mapema, Jumapili alfajiri. Anusaya akampigia ndugu yake simu.

"Tumemfunga kwenye blanketi, wanaume wanne wamebeba, tumetoka sasa hivi."

"Nakuja kuwapokea."

"Usije! Liite gari la wagonjwa. Ukiingia huku nani atalishika? Wewe hakikisha halitaondoka."

Akaliita gari la wagonjwa, akalingoja mpaka likafika kituoni, akamsihi dereva angoje, akapanda mpaka kwenye mzambarau, akashuka kuhakikisha gari lipo, akapanda tena. Mara ya nne dereva alimwambia, "Mzee, siondoki. Pumzika." Akapanda tena.

Ilipofika saa nne alianza kuwasikia. Walikuwa hapo kati ya mti na jiwe, chini kidogo ya miguu ya watu, mbali: kokoto, pumzi za wanaume, Anusaya akisema taratibu, taratibu, na Prajakta. Njia ilikuwa imejaa. Familia zilipita juu ya sauti hizo zikiinua miguu.

Bibi mmoja wa Pune, mwenye sari ya njano na fimbo, alisimama.

"Kuna mwanamke anazaa hapa," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mke wa mpwa wangu."

"Yuko mbali?"

"Bado saa tatu hivi."

"Mama, twende, pomboo wataondoka," mwanawe akamwita kutoka jiweni.

"Pomboo nimewaona kwenye televisheni," bibi akajibu. Akavua viatu, akaupima mguu, akaingia. Akajikuta ukingoni. Akarudi, akajaribu tena, akajikuta ukingoni. Mara ya tatu alirudi akihema, akampa Dattaram fimbo, akainama, akaweka viganja kandokando ya kinywa.

"Wee mwanangu! Unanisikia? Usisukume bado! Pumua kama mbwa mwenye kiu!"

Kisha sauti ya Anusaya ikapanda: "Nani huyo?"

"Mimi nimezaa sita! Mtueni chini, kwenye kivuli! Mkunjeni magoti!"

Wakamtua. Bibi alielekeza kwa sauti, Anusaya alifanya, na Dattaram alikwenda hatua nne kulia na hatua nne kushoto, fimbo ya mwanamke mgeni mkononi. Watu waliotaka kupita walipanga foleni, wakapita mmoja mmoja pembeni ya bibi, wakisema samahani.

Saa sita kasoro robo mtoto alilia. Kila aliyekuwa njiani alimsikia. Mtu mmoja katika foleni akapiga makofi, na wengine wakaitikia.

"Msichana!" Anusaya akapaza sauti. "Mdogo sana. Mdogo kama njiwa."

"Mlaze kifuani kwa mama yake! Ngozi kwa ngozi! Na mje, mje, msikae!" Bibi akamgeukia Dattaram. "Huyo anahitaji joto la mashine. Gari lipo?"

"Lipo."

Wakawasikia wakiinuka, wakawasikia wakikimbia. Kwa muda mtoto alilia kwa kukatakata. Halafu akawa hasikiki, kukawa na kokoto na pumzi tu. Bibi wa Pune alijifunika kichwa kwa pindo la sari na hakupaza sauti tena. Mwanawe alikuja akakaa karibu naye, akamshika mkono.

Walitokea saa tisa. Wanaume wanne, mabega yamechubuka. Prajakta ndani ya blanketi, macho wazi, uso umekosa rangi. Anusaya nyuma, na kifurushi amekikumbatia kifuani. Familia zilijibana kwenye mikorosho kuwapisha. Mtu akatoa chupa ya maji. Kutoka mzambarau mpaka kwenye gari walitembea robo saa, njia ilikuwa rahisi, na Prajakta akapelekwa hospitali, akapona.

Dattaram alitaka kumpokea dada yake kile kifurushi, naye hakukiachia.

"Alikuwa na kucha," Anusaya akasema. "Zote kumi. Nilizihesabu tukitembea."

Karani wa vizazi na vifo aliuliza mahali pa kuzaliwa. Wakamwambia. Akatafuta kwenye orodha, akafuta jasho, akaacha pengo. Na kwa kuwa kuzaliwa hakukuandikwa, kifo nacho hakikuwa na mstari.

Baada ya siku kumi na tatu Bwana Phatak alimwita Dattaram. Alimwagizia chai mwenyewe, na macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Nimehuzunika sana," akasema. "Nami nina binti." Kisha akavuta karatasi. "Msimu umetuendea vizuri mno. Wilayani wanataka njia ya pili. Nusu kilomita tu, sakafu laini, ya watu wenye watoto kwenye vigari."

"Itapita wapi?"

"Pale pale. Tutaifupisha ile."

Dattaram aliinuka. Chai alikuwa hajaigusa.

"Siandiki, saheb."

"Dattaram."

"Siandiki."

Bwana Phatak hakugombana naye. Alimtuma tarishi kwenye duka la kuchapa mabango ya plastiki, na baada ya dakika kumi bango lilikuwa tayari, na picha ya mtoto anayecheka. Muhuri ulikubali kwenye plastiki vilevile. Alhamisi njia ilikuwa nusu kilomita, na vigari vilipanda vikifuatana.

Jumatano iliyofuata Anusaya hakufika. Alipiga simu: alikwisha kuianza safari tangu jana, na alikuwa bado hajafika popote anapopajua.

Dattaram alifunga mashati mawili, brashi na kopo la rangi nyeusi kwenye kitambaa, akamwachia muuza chai ufunguo.

"Unarudi lini?"

"Nikifika nitakupigia."

Akapita katikati ya vigari, akafika kwenye mzambarau, akainua mguu. Ukashuka chini, kwenye kokoto.

Alitembea siku hiyo mpaka jua likachwa, akatembea na kesho yake. Kwa mara ya kwanza tangu kabla ya Diwali miguu yake ilikuwa na kazi, na alipokaa chini ya mti kula mkate wa mchele, alikaa. Adhuhuri aliwakuta. Walikuwa wamejenga kibanda cha makuti katikati ya njia, kwa kuwa safari sasa ilikuwa ya kulala: Anusaya, aliyekata tamaa ya kufika mjini, wale wanaume wanne, na Prajakta, aliyekuwa amesisitiza kurudi kwake kutoka hospitali, nao wakimsindikiza, na ambaye siku hizi hakusema sana. Walikuwa wakipika wali na samaki mkavu. Wakamsogezea nafasi.

"Umeleta rangi?" Anusaya akauliza.

"Nimeleta."

"Basi tuandikie hapa, mtu akipita ajue alipo."

"Haitakuwa na muhuri, dada. Haitabadilisha kitu."

"Nani kakwambia ibadilishe?"

Wakampa ubao wa sanduku la chai. Akaandika Umbarwadi, herufi zikasimama vizuri, kisha akauliza ni kilomita ngapi. Mwanaume mmoja alisema thelathini. Mwingine akasema huyu hajui hesabu, ni hamsini na zaidi, na tangu jana zimeongezeka. Wakabishana mpaka wali ukaiva.

"Andika mbali," Prajakta akasema.

Dattaram akachovya brashi, akaandika: MBALI. Wakala, wakaosha vyungu kwa mchanga, wakajitwika mizigo, wakaondoka kurudi Umbarwadi, maana ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa tangu juzi.