Meli ya Moshi Haikuwa Yetu

Kibondo nzima hakuna anayezijua meli za vita kunizidi mimi, Epifania. Chombo pekee nilichowahi kupanda ni mtumbwi wa kuvuka Malagarasi, nao niliupanda nimefumba macho toka ng'ambo hadi ng'ambo.

Jumapili ile, baada ya misa, mkamwana wangu Claudine alifungua banda lake la video kwa mara ya kwanza. Mtafsiri wa filamu aliyeahidi kuja kutoka Kasulu hakuonekana. Watu wameshajaa kwenye mabenchi, filamu ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, vita vya baharini, wazungu wanafokeana na hakuna anayeelewa. Ng'ambo ya barabara Tamimu, mwenye banda la siku nyingi, kasimama mlangoni kwake anawasubiri watoke. Wakitoka siku ya kwanza, Claudine hatawaona tena.

"Mabukwe," akaninong'oneza, maana ndivyo kwetu mkamwana anavyomwita mama mkwe, "sema chochote!"

Nikashika maiki. Kiingereza changu ni gudi moningi na siti dauni.

"Bibi, wetu ni wepi?" akauliza Niyibizi, fundi baiskeli. Huku kwetu filamu ya vita haitazamiki kabla swali hilo halijajibiwa.

Nikakodoa macho. Meli zote za kijivu, kofia zote nyeupe.

"Wetu ni ile kubwa yenye moshi. Penye moshi pana chakula."

Wakacheka, wakatulia. Taa ya meli ikakonyeza, nami nikatafsiri kwa salamu ya kwetu ya jioni: "Mwiriwe huko! Mmemaliza kupalilia maharage?" Nahodha wa meli ndogo akakunja uso, nikasema kaambiwa ugali umeungua.

Mara kombora likaipiga meli ya moshi. Ikazama yote, na chakula chake.

"Stelingi anakufaje, Bibi?" Niyibizi akasimama. Benchi lake zima likasimama naye. Claudine akajifunika uso kwa kitenge.

"Siti dauni!" nikanguruma. "Lini mmeona stelingi akafa? Meli yetu ilishatekwa! Waliozama ni wezi. Wetu wamehamia kwenye ile ndogo. Mtazameni nahodha, bado ana hasira za meli yake!"

Wakamtazama. Ni kweli, hasira alikuwa nazo. Wakakaa.

Na ile ndogo, ndugu zangu, ilipopenya katikati ya moto ikatokea upande wa pili bendera ikipepea, vigelegele vilitikisa mabati. Niyibizi alipanda juu ya benchi akacheza. Waliokuwa barabarani wakaingia, mlango ukaziba. Claudine akanikumbatia mbele ya watu, na mkamwana kwetu hamkumbatii mabukwe hivi hivi.

Filamu ilipokwisha nikamkuta Tamimu amejibanza nyuma ya pazia.

"Namtafuta mbuzi wangu tu," akasema. "Ndiyo kwanza naingia. Sijaona kitu."

"Pole, baba. Umemkosa nahodha alipojitupa majini na kofia yake."

"Hakujitupa!" Tamimu akawaka. "Kofia alimvika yule majeruhi wa mzinga!"

Banda zima likageuka kumtazama.